Kibati cha Fundi

Kila gereji ina kibati. Aghalabu huwa ni kibati cha maziwa ya unga, kilichomaliza kazi yake jikoni kikaja kuanza nyingine chini ya mwembe, baina ya spana na matambara yenye mafuta. Ndani yake fundi hutia kila alichokifungua: nati, bolti, washa, pini. Ni kitu duni, hakitazamwi na mtu. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua kama kazi imetimia asiuulize ulimi wa fundi, wala asidanganywe na weusi wa tairi jipya, achungulie kibatini. Kikiwa kitupu, kila kilichotoka kimerudi kwao. Kikiwa na kitu, hapo pana suala, na suala lisiloulizwa gerejini hujibiwa barabarani.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mkaazi wa Makunduchi aliyekuwa akisomesha katika skuli moja ya mjini Unguja, alijifunza jambo hilo akiwa na umri wa miaka arubaini na mbili. Ada ya somo hilo haikutoka mfukoni mwake. Ilitoka begani mwa mwanawe.

Ilikuwa Januari 2010. Unguja haikuwa na umeme tangu Disemba 2009, ilipoharibika njia ya kuuleta kutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, na haikuupata tena hadi Machi. Miezi mitatu hiyo ilikuwa ya mishumaa, ndoo na jenereta. Majokofu yaligeuka makabati. Maji yaliadimika, kwa kuwa pampu zilikosa nguvu ya kuzisukuma. Magharibi iliuingia mji mzima kwa pamoja, na kila mwenye kazi ya mikono alijua kuwa saa yake ya mwisho ya nuru ina thamani kuliko saa tatu za asubuhi.

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, mwalimu aliipeleka pikipiki yake kwenye gereji moja kando ya njia ya Mwanakwerekwe. Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha, limelika katikati mfano wa kisigino cha kandambili kuukuu. Alikuwa amenunua jipya siku ile ile huko Darajani, na alilibeba begani kama mtu abebaye ushahidi wa uungwana wake. Fundi alikuwa mtu mzima, aliyempita mwalimu kwa miaka kama kumi na mitano. Alianza ujana wake kwenye Vespa za wazee wa mjini, akajifunza kwa kutazama na kwa kukosea, na jina lake lilikuwa jema. Wawili hao walikuwa wakijuana kwa miaka mingi. Katika kisiwa ambamo kila mtu ni jirani, mkwe au shemeji wa mwenziwe, kujuana huko ndiko dhamana kubwa kuliko risiti. Ndiko pia, kama itakavyoonekana, mlango wa hatari.

Kubadilisha tairi la nyuma si kubadilisha mpira tu. Katika pikipiki ya cc 125 yenye breki ya ngoma, gurudumu halitoki mpaka viachiwe vifungo kadhaa: nati ya ekseli, virekebishi vya cheni, nati ya ufito wa breki, na bolti ya chuma bapa ambacho kazi yake ni ya mkono. Mkono huo huiunganisha sahani ya breki na uma wa nyuma wa pikipiki. Dereva anapokanyaga breki, viatu vilivyomo ndani ya ngoma hushika, na sahani inayovibeba hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu. Mkono ndio unaoizuia. Bolti yake ni ndogo, haizidi kidole cha mtoto, na mwisho wake hupitishwa pini nyembamba yenye miguu miwili. Miguu hiyo hupanuliwa, ili nati isipate njia ya kutoka hata ikilegea. Kazi yote ya breki ya nyuma imeegemea hapo.

Fundi aliyajua yote hayo vizuri kuliko yeyote. Aliachia vifungo kimoja kimoja, akavitia kibatini. Pini ya zamani ya mkono ilivunjika mguu alipoitoa, akaitupa, akaenda kwenye sanduku lake akatoa mpya na kuitia kibatini kwa ajili ya baadaye. Alitazama mshale uliochorwa ubavuni mwa tairi, unaoonyesha upande wa kuzungukia. Alipaka maji ya sabuni kwenye kingo zake zilale vizuri kwenye ringi, na akauingiza mpira wa ndani kwa uangalifu, usije ukabanwa na chuma ukatoboka kabla ya kufika safari. Upepo ulitiwa kwa pampu ya mguu, kwa kuwa mashine ya upepo ililala kama vitu vyote vilivyolala kisiwani. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi gurudumu liliporejeshwa mahali pake.

Hapo ndipo gari la abiria liliposimama, na dereva wake akapiga kelele kuwa injini inachemka. Fundi aliinuka. Alimwambia kijana wake, mwanagenzi wa miezi michache, "Fungafunga hapo, nakuja." Kijana aliipitisha bolti ya mkono, akaizungusha nati kwa vidole, kisha akaitafuta pini. Kiza kilikuwa kimekwishaingia, na kibatini mlikuwa na vitu vingi. Hakuiona. Akaona ni adabu amsubiri mkubwa wake aje aikaze nati na aitie pini mwenyewe. Aliporudi, fundi aliiona nati imekaa mahali pake, akaona ni haki kuamini kuwa imekazwa. Alishughulikia cheni, akaikaza nati ya ekseli kwa nguvu zake zote, akafunga ufito wa breki, akaukanyaga mara mbili. Ulishika. Kila mmoja katika wawili hao alimwachia mwenziwe kitu kile kile, na kwa hiyo hakikushikwa na yeyote.

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya benchi, akisahihisha madaftari kwa mwanga uliosalia. Wanafunzi walikuwa wameandika mashairi, naye aliyapitia kwa kalamu nyekundu, akizungushia duara kila mshororo uliopungua mizani. Hakuna aliyeweza kumpitisha mizani moja. Na aliona, bila ya kutazama sana, kwamba fundi aliinuka kazi ikiwa katikati, na kwamba mikono iliyorudi siyo iliyoondoka. Suala lilimjia ulimini: je, kila kitu kimekazwa? Akalimeza. Lilikuwa suala la aibu. Kumuuliza fundi wa miaka mingi kama amekaza nati ni sawa na kumuuliza imamu kama ana udhu. Alisema tu, "Tayari, Fundi?" Akajibiwa, "Tayari, Mwalimu. Tairi jipya hilo, nenda nalo taratibu." Wasia huo ulikuwa wa haki, kwani uso wa tairi jipya huwa na utelezi na hutaka umbali kidogo wa mwendo wa upole kabla ya kushika barabara sawasawa. Mwalimu alilipa, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi ya Jumamosi alipita Jang'ombe kumchukua binti yake wa miaka tisa, aliyelala wiki nzima kwa bibi yake. Mtoto alipanda nyuma akiwa na kikapu mapajani, ndani yake viatu vipya vya skuli. Kofia ngumu ilikuwa moja. Ilikuwa kichwani mwa baba. Hakuna aliyeona ajabu, wala bibi aliyewaombea dua mlangoni, wala majirani. Ndivyo walivyokwenda watu wote.

Walipoipita Tunguu, mwalimu alisikia mlio nyuma yake, tak, mdogo, kama wa kitasa. Akasikia tena alipopunguza mwendo. Akajiambia ni kikapu. Alimuuliza mtoto, "Umekishika kikapu?" Mtoto akajibu, "Nimekishika, Baba." Jibu hilo lilitosha kumjulisha kuwa mlio haukuwa wa kikapu. Lakini jua lilikuwa jepesi, barabara ilikuwa nyeupe mbele yao, na nyumbani walikuwa wakingojewa. Aliendelea.

Barabara hiyo inapita katika msitu wa Jozani, makao ya kima punju, mnyama asiyepatikana kwa asili yake popote duniani isipokuwa Zanzibar. Kima hao huvuka njia wapendapo, na kwa ajili yao pamewekwa matuta ya kupunguza mwendo. Mwalimu aliliona tuta, akaona na kima mmoja ameinuka pembezoni mwa njia. Akakanyaga breki ya nyuma. Wakati huo nati ya mkono ilikuwa imekwishabakia njiani, mahali fulani baina ya Tunguu na hapo, na bolti imekwishaifuata. Sahani ya breki, isiyokuwa na wa kuizuia, ilizunguka na gurudumu. Kwa kuzunguka kwake iliuvuta ufito. Kwa kuvutwa ufito, viatu vilizidi kushika. Na kwa kuzidi kushika, sahani ilizidi kuvutwa. Ni fundo linalojikaza lenyewe. Gurudumu lilifunga papo hapo, pikipiki ikalala ubavu, na baba na mwana wakaburuzika hadi kwenye majani.

Mwendo ulikuwa mdogo, na hilo ndilo lililowaokoa. Kofia ya mwalimu ilipata mkwaruzo mmoja. Mtoto alivunjika mtulinga wa kushoto, akapasuka juu ya sikio. Hakulia mpaka alipokiona kiatu kimoja kimelala katikati ya barabara. Lililomuuma baba baadaye, usiku hadi usiku, lilikuwa umbali wa vidole vitatu baina ya sikio lile na paji la uso, na ile kofia iliyorudi nyumbani nzima juu ya kichwa kisichokuwa na jeraha.

Watu walikuja kumpa pole, kama ada ya kisiwa. Walikaa juu ya jamvi, wakanywa chai kwa mwanga wa kandili, na kila mmoja aliyaleta maneno ambayo watu wa pwani na bara huyaleta siku kama hizo: ajali haina kinga. Mwalimu aliyapokea kama mtu apokeavyo shuka wakati wa baridi. Yalimfunika. Kama ajali haina kinga, basi benchi halina kesi, wala mlio wa Tunguu, wala kofia. Na ikiwa lazima atafutwe mkosaji, palikuwa na kiza, ambacho hakina mdomo wa kujitetea.

Siku ya nne alikuja fundi. Alipanda daladala kutoka mjini, na alimchukua na kijana wake. Alikataa kuketi juu ya kiti. Alimtazama mtoto aliyefungwa bandeji mkono na bega, akamwombea shifaa, kisha akatoa kitu mfukoni na kukiweka juu ya jamvi mbele ya mwalimu. Ilikuwa ni pini, mpya, miguu yake haijapanuliwa.

"Hii niliikuta kibatini Jumamosi asubuhi," alisema. "Wewe ulikuwa bado hujafika mbali."

Mwalimu alisema alilofundishwa kusema. "Ni kudra, Fundi. Na kiza nacho."

"Si kiza, Mwalimu. Mimi niliiona pini mchana kweupe. Niliijua ni ya nini. Nikajiambia kijana ametia nyengine. Nilikuwa na simu, na namba yako ninayo. Nikaona aibu kukupigia, utasema huyu mzee kazi imemshinda." Alinyamaza kidogo. "Watu wanasema ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga yake. Ilikuwa ndani ya kibati."

Kijana wake alitaka kusema kuwa kosa ni lake, kwani yeye ndiye aliyeiacha nati. Fundi alimzuia kwa mkono. Mwanagenzi, alisema, huachiwa kazi ili ajifunze, na mwenye gereji hubakia ili atazame. Aliyeacha kutazama ndiye aliyekosa. Ndipo mwalimu naye alipojisikia kuvuliwa lile shuka. Alisimulia habari ya benchi na suala alilolimeza. Alisimulia mlio wa Tunguu na kikapu alichokisingizia. Walipomaliza, ilidhihirika kuwa hapakuwa na mjinga hata mmoja katika jambo lile. Kijana alijua kuwa nati haijakazwa. Fundi alijua kuwa pini imebaki. Baba alijua kuwa kuna kinacholia. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha habari, na kila mmoja alikifunika kwa kitambaa cha aina moja: haya, adabu, kuogopa kumvunjia mtu heshima au kuvunjiwa. Kosa la mkono lilikuwa ni dakika mbili. Kosa la kunyamaza lilitembea usiku kucha, likapanda pikipiki asubuhi.

Waja wengi huogopa ujinga wa mafundi, na ujinga upo. Lakini uzembe hauji siku zote kwa sura ya mtu mvivu au mjinga. Huja kwa sura ya mtu hodari aliyekatizwa kazi. Mkono uliokatizwa, unaporudi, haurudi pale ulipoachia. Hurudi pale unapodhani uliachia. Na baina ya pale na pale ndipo bolti hubakia. Mafundi wa ndege hutiliana saini kwa ajili ya jambo hilo hilo, kwani kumbukumbu ya binaadamu haiaminiki kuwa shahidi wa kazi yake mwenyewe. Gereji ya chini ya mwembe haina daftari la saini, lakini ina kibati.

Tangu siku ile fundi aliweka kanuni, na hakuiandika popote. Kila kazi ina kibati chake. Havichanganywi vya watu wawili. Akikatizwa, hutia kitambaa chekundu juu ya usukani, na pikipiki yenye kitambaa haiondoki. Nati ikikazwa hupigwa mstari mmoja wa rangi nyeupe unaokatiza nati na chuma iliyokalia, na nati ikisogea hata kidogo mstari huvunjika na jicho huona. Kisha humwita mwenye chombo, akiwa waziri au mchuuzi wa pweza, amshikishe kila kifungo kwa mkono wake, na mwisho amwonyeshe kibati kitupu. Hapo ndipo hupokea ujira.

Mwanzoni watu waliona haya kuinama. Wengine walisema, "Aa, Fundi, nakuamini." Naye hujibu kuwa imani haikagui nati. Waislamu wanaijua habari ya yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, eti ametawakali. Wameisikia tangu chuoni. Lakini mtu huikubali habari ya ngamia msikitini, akitoka nje akapanda pikipiki bila ya kuigusa.

Na yafaa kuigusa, kwa kuwa mambo yenyewe hayahitaji elimu kubwa. Baada ya tairi kubadilishwa, pikipiki isimamishwe juu ya stendi yake kubwa, gurudumu lizungushwe kwa mkono: liende huru, lisiyumbe, lisikwaruze. Mshale wa tairi uelekee mbele. Ule mstari mwembamba ulio karibu na ringi uonekane sawa pande zote, ama sivyo tairi halijakaa. Alama za uma wa nyuma zilingane kulia na kushoto, la sivyo gurudumu limekaa upande na cheni itakula meno. Nati ya ekseli iulizwe, nati ya mkono iulizwe, pini ionekane kwa macho. Breki ikanyagwe mara kadhaa kabla ya kuondoka. Na katika pikipiki za breki za sahani hili ni lazima zaidi, kwani vibanio vikisukumwa nyuma wakati wa kutoa gurudumu, mkanyago wa kwanza huweza kukuta utupu. Kisha mwendo wa upole, na baada ya safari ya kwanza kila kifungo kikaguliwe tena. Dakika tano zatosha. Na mlio wowote ambao jana haukuwapo, chombo kisimamishwe.

Husimuliwa kuwa tairi la upepo lenyewe lilitokana na baba na mwana. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo, apate kwenda bila ya kutikiswa na mawe, na mwaka 1888 akapewa hataza. Mwalimu aliisoma habari hiyo miaka mingi baada ya Jozani, na akaifunga gazeti kwa muda kabla ya kuendelea. Kitu kilichozaliwa kwa huruma ya mzazi kimekwenda dunia nzima, lakini huruma haikupakiwa pamoja nacho. Hiyo kila mmoja hana budi kuitia kwa mkono wake, kila linapofunguliwa gurudumu na kila linapofungwa.

Binti sasa ni mtu mzima, na ana pikipiki yake ndogo. Mtulinga uliunga vyema, isipokuwa una kifundo ambacho yeye hukigusa akiwa anafikiri. Ana kofia mbili, moja ya kichwa chake na moja ya yeyote atakayepanda nyuma. Fundi amezeeka, hainami tena. Gereji ameirithi yule kijana, ambaye ana mwanagenzi wake. Mwaka jana binti alipeleka pikipiki kubadilishwa tairi la nyuma. Kazi ilipokwisha hakungoja kuitwa. Alichutama kwenye mchanga, akapitisha vidole kwenye nati moja baada ya moja, akaitafuta pini mpaka akaigusa miguu yake iliyopanuliwa. Fundi alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayesomewa hesabu yake.

Kisha akamnyooshea kibati. Binti akakipindua. Hakikutoka kitu isipokuwa vumbi.